Safari ya Tonge na Maji Yake

MAFUNZO YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Mwili Wetu: Somo la 9

Kwa kiongozi wa darasa. Kabla ya saa ya redio, tafadhali tayarisha vitu hivi: kamba yenye urefu wa mita 6, debe tupu, chupa ya lita 1, kijiko cha chai, kisu, sukari kidogo na chumvi kidogo, ubao na chaki. Wanafunzi wawe na madaftari na kalamu. Kila mara redio isemapo "Ngojeni", darasa litende jambo lililotajwa.

Juma lililopita tulisoma habari za moyo na damu. Tuliona kwamba damu hupeleka chakula katika kila sehemu ya mwili, tangu utosini hadi kwenye nyayo. Mwanafunzi mwerevu aweza kuuliza: Je, hicho chakula huingiaje katika damu? Mimi nala ugali, lakini nikijikata kidole sioni ugali ukitoka. Naona damu tu.

Hilo ni swali jema, na ndilo swali la leo. Ndani yake mna swali la pili, ambalo ni zito kwa kila mwenye mtoto mdogo: Kwa nini kuhara, ambako watu wengi hukuona ni jambo dogo, kwaweza kumwua mtoto kwa muda wa siku moja au mbili? Mtu akiijua vema njia ya chakula, hatapata taabu kulijibu swali hilo la pili, tena atajua la kufanya.

Basi na tulifuate tonge moja. Ni tonge la ugali, limechovywa katika mchuzi wa maharagwe uliotiwa mafuta kidogo. Katika tonge hili mna vitu vitatu vikubwa. Ugali una wanga, ambao huupa mwili nguvu ya kufanya kazi. Maharagwe yana protini, ambayo hujenga mwili. Na mchuzi una mafuta, ambayo hutunza nguvu. Vyote vitatu ni vinene mno kupita katika ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hapana budi vivunjwevunjwe mpaka viwe vidogo kabisa, vidogo kuliko vumbi la unga. Kazi hiyo ya kuvunjavunja huitwa mmeng'enyo wa chakula.

1. Mdomoni

Kazi huanza mdomoni. Mtu mzima aliyetimia ana meno 32. Meno ya mbele hukata, machonge huchana, na magego husaga. Wakati huohuo mate hutoka katika tezi zilizo chini ya ulimi, chini ya taya na karibu na masikio. Mate hulilainisha tonge lipate kuteleza. Lakini si hilo tu. Katika mate mna kitu kiitwacho kimeng'enya, na kazi ya kimeng'enya ni kuvunja chakula. Kimeng'enya cha mate huvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari.

Kama huamini, fanya jaribio hili leo jioni. Tia ugali mtupu mdomoni, bila ya mchuzi. Tafuna, wala usimeze upesi. Hesabu polepole hadi 60. Utaona ugali unaanza kuwa na utamu kidogo. Hakuna aliyetia sukari. Ni mate yako mwenyewe yaliyofanya kazi hiyo.

2. Kooni

Nyuma ya mdomo pana njia mbili. Moja ni ya hewa, nayo yaenda mapafuni. Ya pili ni ya chakula, nayo huitwa umio. Tonge likikosea njia, mtu hupaliwa. Kwa bahati njema, juu ya njia ya hewa pana kifuniko kidogo kiitwacho kidakatonge. Tumezapo, njia ya hewa hupanda juu na kifuniko hicho huifunika, tonge likapita salama.

Sasa kila mwanafunzi aweke kidole mbele ya koo lake, kisha ameze mate. Ngojeni.

(Darasa limeze mate.)

Mmeona kifundo kile kinavyopanda na kushuka? Hiyo ndiyo njia ya hewa ikijifunga. Ndiyo sababu wazee walitukataza kusema na kucheka huku tukitafuna. Si adabu tu. Ni usalama pia.

Umio ni mrija wa misuli, urefu wake kama sentimita 25. Tonge halianguki tu ndani yake kama jiwe kisimani. Misuli hulibana nyuma na kulisukuma mbele, kama vile mtu asafishaye utumbo wa mbuzi anavyoukamua kwa vidole. Kwa hiyo hata mtu aliyelala aweza kumeza. Kwa muda wa sekunde 10 hivi, tonge limefika chini.

3. Katika mfuko wa tumbo

Hapa yafaa tuelewane juu ya maneno. Tusemapo "tumbo", aghalabu twataja sehemu yote iliyo kati ya kifua na nyonga. Lakini ndani ya tumbo hilo mna mfuko mmoja ambao hupokea chakula kutoka katika umio. Huo tutauita mfuko wa tumbo. Uko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ukiwa mtupu ni mdogo, hujikunja. Mtu akishiba hutanuka, ukaweza kuchukua lita 1 au zaidi.

Zamani watu hawakujua mfuko huu wafanyaje kazi. Wengine walisema wasaga chakula kama jiwe la kusagia. Wengine walisema chakula huoza humo. Jibu la hakika lilitokana na ajali. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama, jina lake Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Risasi ilimpasua ubavu wa kushoto. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu, na kijana akapona. Lakini tundu lilibaki ubavuni, tundu lisilozibika, kutoka nje mpaka ndani ya mfuko wa tumbo.

Tangu mwaka 1825 daktari huyo alianza kufunga vipande vya nyama na vyakula vingine kwa uzi wa hariri, akavitia katika tundu lile, kisha akavivuta baada ya saa kadhaa ili aone vimekuwaje. Vilikuwa vimeyeyuka. Halafu alitoa maji ya mfuko wa tumbo, akayatia katika chupa, akaiweka mahali penye joto kama la mwili, na kutia nyama ndani yake. Nyama ikayeyuka vilevile, ingawa katika chupa hapakuwa na kitu cha kuisaga. Hivyo ilijulikana kwamba maji ya mfuko wa tumbo yenyewe yana nguvu ya kumeng'enya chakula. Beaumont alitoa kitabu chake mwaka 1833. Kwa St. Martin majaribio hayo hayakuwa raha, na zaidi ya mara moja alimwacha daktari akarudi kwao Kanada. Hata hivyo aliishi na tundu lake mpaka alipokufa mwaka 1880.

Maji hayo ya mfuko wa tumbo yana asidi kali, kali kuliko ndimu. Asidi hiyo huua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula. Tena mna kimeng'enya kinachoanza kuvunja protini ya maharagwe yetu. Kwa nini basi mfuko wenyewe hauyeyuki? Kwa sababu ukuta wake umepakwa ute mzito unaoukinga, na ngozi yake ya ndani hufanywa upya kila baada ya siku chache.

Chakula hukaa humo kwa muda wa saa 2 hadi 4. Chenye mafuta mengi hukaa zaidi. Kikisha kuwa kama uji mwepesi, mlango wa chini hufunguka kidogokidogo, nacho hupita kidogo kidogo kwenda katika utumbo.

4. Katika utumbo mwembamba

Sasa kiongozi wa darasa aitoe kamba. Watu wawili waishike ncha zake na kuinyoosha. Ngojeni.

(Darasa linyooshe kamba.)

Hiyo ni mita 6. Ndio urefu wa utumbo mwembamba wa mtu mzima, ukipimwa baada ya kufa. Katika mtu aliye hai huwa mfupi kuliko hivyo, kwa sababu misuli yake imejikaza. Huitwa mwembamba si kwa sababu ni mfupi au ni dhaifu, bali kwa sababu upana wake ni wa vidole viwili tu. Umekunjwakunjwa katikati ya tumbo. Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote.

Mwanzoni kabisa, mirija miwili huleta maji yake. Mrija wa kwanza huleta nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini, na kutunzwa katika kifuko chake. Kila aliyepata kumpasua kuku anaijua: ni ya kijani, na ni chungu sana. Kazi yake ni kama ile ya sabuni. Mkiosha sufuria yenye mafuta kwa maji matupu, mafuta hukataa kutoka. Mkitia sabuni, mafuta huachana na kuwa matone madogo. Nyongo huyafanya hivyohivyo mafuta ya mchuzi wetu. Mrija wa pili hutoka katika kongosho, ambalo liko nyuma ya mfuko wa tumbo. Maji ya kongosho hupunguza ukali wa asidi, tena yana vimeng'enya vya kuvunja vyote vitatu: wanga, protini na mafuta.

Sasa tonge letu si tonge tena. Ugali umekuwa sukari ndogondogo. Maharagwe yamekuwa vipande vidogo vya protini. Mafuta yamekuwa chembe. Vyote vimeelea katika maji, tayari kuingia mwilini.

Vitaingilia wapi? Tazameni taulo. Uso wake una nyuzi nyingi fupi zilizosimama, na kwa sababu hiyo hunywa maji upesi kuliko kitambaa laini. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefanywa vivyo hivyo. Una vijidole vingi vidogo sana, na ndani ya kila kijidole mna mishipa ya damu. Kama mngeweza kuvikunjua vyote na kuvitandika chini, vingeenea kama mita za mraba 30, yaani sakafu ya chumba chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Katika vijidole hivyo chakula hupita na kuingia katika damu. Damu hiyo hupita kwanza katika ini, ambalo hukagua na kutunza, kisha husambaa mwilini. Mafuta mengi hupita njia nyingine kidogo, lakini mwishowe nayo huingia katika damu.

Basi swali letu la kwanza limejibiwa. Ugali hauonekani katika damu kwa sababu umekwisha kuwa sukari.

5. Katika utumbo mpana

Mabaki huingia katika utumbo mpana. Huu ni mfupi, kama mita 1 na nusu, lakini ni mnene. Huanzia upande wa kulia chini, karibu na kidoletumbo, hupanda, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Humo mnaishi vijidudu vingi mno ambavyo si adui zetu. Hula mabaki tusiyoweza kumeng'enya sisi, kama vile nyuzinyuzi za mboga na maganda ya maharagwe, na kutupa vitu vingine vyenye faida. Utumbo mpana hunyonya maji yaliyobaki, na uchafu ukawa mgumu kiasi. Safari hii ya mwisho ni ya polepole. Yaweza kuchukua siku nzima au zaidi.

6. Hesabu ya maji

Sasa tufike kwenye moyo wa somo letu. Kiongozi, tafadhali andika ubaoni, na ninyi mwandike katika madaftari. Tutahesabu maji yote yanayoingia katika njia ya chakula ya mtu mzima kwa siku moja. Ni hesabu ya kukadiria, maana watu hawalingani.

Tunayokunywa na yaliyo katika chakula: lita 2.
Mate: lita 1.5.
Maji ya mfuko wa tumbo: lita 2.
Nyongo: lita 0.5.
Maji ya kongosho: lita 1.5.
Maji ya ukuta wa utumbo: lita 1.5.

Jumlisheni. Ngojeni.

(Darasa lijumlishe.)

Mmepata lita ngapi? Naam, ni lita 9. Sasa litazameni debe. Debe moja huchukua kama lita 18. Kwa hiyo maji hayo ni nusu debe. Kila siku nusu debe la maji hupita matumboni mwetu!

Angalieni tena hesabu. Katika lita 9, sisi tumekunywa na kula lita 2 tu. Zile 7 zimetoka wapi? Zimetoka katika damu. Mwili umeyakopesha matumbo maji yake. Na damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5 tu! Maana yake ni kwamba mkopo huo hauna budi kurudishwa upesi, siku ileile. Na kwa kawaida hurudishwa. Utumbo mwembamba huyanyonya maji mengi, utumbo mpana hunyonya yaliyosalia, na katika choo hutoka maji kidogo tu, hayajazi kikombe cha chai.

7. Mkopo usiporudi

Haya, tufikiri juu ya mtu anayehara. Vijidudu vimeingia tumboni, katika maji machafu, au katika chakula kilichokaliwa na nzi, au kwa mikono isiyonawiwa. Vingine huharibu vile vijidole vya utumbo, visiweze kunyonya. Vingine, kama vile vya kipindupindu, hutoa sumu inayoulazimisha ukuta wa utumbo kumwaga maji bila ya kukoma. Kwa vyovyote, maji yaliyokopwa katika damu hayarudi. Yatoka nje, pamoja na chumvi ya mwili. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa moja.

Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi. Mtoto wa kilo 10 ana damu ipatayo mililita 800 tu, haijai chupa yetu hii. Akipoteza lita 1 ya maji ya mwili bila ya kurudishiwa, maisha yake yamo hatarini. Damu hupungua na kuwa nzito, moyo hupiga mbio bure, mikono na miguu hupoa. Kwa hiyo mara nyingi kimwuacho mtoto anayehara si uchafu ulio tumboni, bali ni ukosefu wa maji. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2024, kuhara huua watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka, duniani kote.

Kuna watu wanaosema, "Mtoto anahara, msimpe maji, mtamzidishia." Wasemao hivyo wanampenda mtoto, lakini sasa ninyi mnajua hesabu. Yanayotoka hayatoki kwenye kikombe alichonywa. Yatoka katika damu yake. Ukimnyima maji, hukufunga bomba. Umeacha tu kujaza pipa.

Lakini mtu aweza kuuliza: Kama utumbo hauwezi kunyonya, maji tunayompa si yatapita tu? Ni kweli kwamba maji matupu hayatoshi. Jibu la jambo hili liko katika ule ukuta wa utumbo. Mwaka 1960, mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Crane, alieleza katika mkutano uliofanyika Prague kwamba katika ukuta huo mna milango midogo ambayo hupitisha sukari na chumvi pamoja. Moja peke yake haipiti mlango huo, hungoja mwenzake. Na vikiingia vyote viwili, maji huvifuata. Jambo la ajabu ni kwamba mlango huu huendelea kufanya kazi hata katika mgonjwa wa kipindupindu.

Mwaka 1971 elimu hii ilijaribiwa katika shida kubwa. Vita vilikuwa vikipiganwa katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, na watu wengi walikimbilia India. Katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon kipindupindu kilizuka. Maji ya kutia katika mishipa yalikuwa yakiisha. Daktari wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, aliamuru chumvi, sukari na magadi ya kupikia vichanganywe na maji safi, na wagonjwa wanyweshwe. Walionywesha wengi walikuwa mama na ndugu za wagonjwa, kwa vikombe. Kabla ya hapo, katika wagonjwa 100 walikufa kama 30. Kwa maji hayo, wakafa chini ya 4. Hawakuwa na mashine; walikuwa na kikombe na saburi.

8. Jinsi ya kuchanganya

Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti iitwayo ORS, inayopatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Pakiti nyingi ni za lita 1, lakini nyingine ni za maji machache zaidi. Kwa hiyo soma yaliyoandikwa juu ya pakiti kabla ya kuikata. Hapo ndipo kusoma kwako kunapofaa nyumbani kwako.

Kama hakuna pakiti, changanya mwenyewe. Kiongozi, fanya mbele ya darasa, na wengine waandike.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni.
Pili, pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa.
Tatu, tia sukari vijiko 6 vya chai. Kila kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisiwe na kilima.
Nne, tia chumvi nusu ya kijiko cha chai, nayo isawazishwe.
Tano, koroga mpaka viyeyuke, kisha onja.

Ngojeni.

(Kiongozi achanganye. Darasa lionje.)

Chumvi yake isizidi ile ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze tena, kwa sababu chumvi nyingi yaweza kumdhuru mtoto. Sukari nayo ikizidi mno huvuta maji yaende utumboni na kuzidisha kuhara. Hapa kipimo ndicho dawa.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila mara baada ya kuhara. Mwenye miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Anyonyeshaye aendelee kunyonyesha, na anayekula aendelee kula. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe, yatengenezwe mengine. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki, avimeze kwa siku 10 hadi 14. Asiache kwa sababu kuhara kumekoma.

Mpeleke mtoto zahanati mara moja ukiona dalili hizi: macho yamedidimia, utosi wa mtoto mchanga umebonyea, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, hakojoi, amelegea au haamki vema, hawezi kunywa, au atapika kila anachopewa, choo kina damu. Mtoto aliye chini ya miezi 6 asingojewe. Na njiani muendelee kumnywesha, kama aweza kunywa.

Mabibi na mabwana, hapo ndipo mwisho wa somo letu la redio. Sasa wazungumzeni maswali haya pamoja na kiongozi wenu. Juma lijalo tutasoma habari za mafigo, yanayochuja maji hayohayo ya damu. Kwaherini.

Maswali ya darasa

1. Taja kwa utaratibu sehemu ambazo tonge hupitia tangu mdomoni hadi mwisho.
2. Nyongo hufanya kazi gani? Huifananisha na kitu gani cha jikoni?
3. Katika lita 9 za maji yanayopita tumboni kwa siku, ni ngapi zimetoka katika damu?
4. Mtoto wa miaka 2 amehara mara 6, na kila mara amepewa mililita 100 za maji ya chumvi na sukari. Amekunywa mililita ngapi? Je, lita 1 ilitosha?
5. Jirani yako akisema mtoto anayehara asipewe maji, utamjibuje? Andika jibu lako kwa sentensi tatu.

Maneno ya kujifunza kusoma na kuandika

umio, kidakatonge, kimeng'enya, mfuko wa tumbo, nyongo, kongosho, utumbo mwembamba, utumbo mpana, kuhara, kipimo, mililita.